Pua ya Dada wa Mvinyo

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tano asubuhi, ndani ya lile duka kubwa la vyakula hapakuwa na pa kutia mguu. Watu walipishana kwa mabega, watoto walilia wanunuliwe biskuti, na kipaza sauti kilimwita kwa mara ya tatu mwenye gari jeupe aje kuliondoa mlangoni. Katikati ya kizaazaa hicho mwanamume mmoja alikuwa amesimama mbele ya rafu ya mvinyo kwa dakika ishirini nzima, mikono nyuma, hagusi kitu.

Alikuwa mrefu, mwenye shati la buluu lililopigwa pasi mpaka kwenye kola na suruali nyeusi isiyo na doa. Alijitahidi kupendeza, haki yake tumpe. Ila miguuni alikuwa na buti nyeupe za mpira alizosahau kuzibadilisha, na buti zile zilitosha kumtangaza. Alikuwa mkata nyama wa bucha iliyo ng'ambo ya barabara.

Aliyemfuata ni mshauri wa rafu ile, mwanamke ambaye wateja wote walimwita Dada wa Mvinyo. Alivaa aproni ya rangi ya damu ya mzee, nywele kazisuka mistari na kuzifunga kisogoni, na alikuwa na ile sauti ya mtu asiyepandisha sauti kwa sababu watu humsikiliza hata hivyo.

"Nikusaidie, kaka, au umekuja kuzihesabu?"

"Nimeshamaliza kuzihesabu. Sasa sijui nichukue ipi."

"Unakwenda kuunywa na chakula gani?"

"Mbavu za ng'ombe. Za kuoka polepole, saa nne."

Akashusha chupa yenye picha ya hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa. "Chukua huu. Zabibu zake zinalimwa mlimani, kwenye ardhi ya mawe matupu. Mchana jua linachoma, usiku baridi inauma. Zabibu ikiteswa hivyo inatengeneza ganda nene, na ganda ndilo linaloleta hii rangi nzito na ukakasi."

"Ukakasi kama wa ndizi mbichi?"

"Huo huo. Unakaza ulimi na ufizi. Ukiunywa peke yake utarudi hapa kunigombeza. Lakini ukiunywa na mbavu, mafuta yanalainisha ukakasi, na ukakasi unayakata mafuta. Kila kimoja kinamtengenezea mwenzake."

"Hujaniuliza mbavu zenyewe zina mafuta kiasi gani."

Dada wa Mvinyo alimtazama upya. Miaka sita pale, hakuna mteja aliyewahi kumkosoa upande wa nyama.

"Haya bwana, zina mafuta kiasi gani?"

"Inategemea. Ng'ombe alikula majani au alilishwa pumba? Mbavu za mbele au za karibu na tumbo? Mtu akikuambia 'mbavu' tu ujue hajui anachokula."

"Na samaki? Hebu niambie, nikikupa mvinyo huu na samaki utafanya nini?"

"Nitakula."

"Utasikia shaba mdomoni mpaka kesho. Na pilipili usithubutu, itakuwasha mara mbili. Uyoga sawa, jibini ngumu sawa, maini sawa kabisa."

Mkata nyama alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Na harufu yake ikoje?"

"Zambarau zilizoiva, moshi kidogo, ngozi ya kiatu kipya, na pilipili manga mwishoni." Alisema haraka, bila kupumua, macho kwenye rafu. Mwenzake aliichukua haraka ile kuwa ni ubingwa.

"Umenimaliza, Mwalimu," alisema, na jina likakaa. Naye Dada wa Mvinyo, kabla mkata nyama hajaondoka, alikuwa ameshampa lake, Kisu, na kumpa na namba ya simu, kwa kisingizio kwamba anataka ripoti ya zile mbavu.

Sasa acha niseme kitu ambacho Kisu hakukijua, maana sina tabia ya kumficha msomaji kisha nikamcheka. Dada wa Mvinyo hakuwa akisikia harufu yoyote. Miezi minane kabla ya Jumamosi ile alishikwa na mafua makali yaliyomlaza wiki mbili, na homa ilipoondoka iliondoka na harufu zote. Daktari alimwambia huenda zikarudi, huenda zisirudi, akamwandikia dawa ya kupuliza puani, akamwita mgonjwa anayefuata. Alibaki na ulimi tu. Uchachu alikuwa nao, uchungu, sukari, ukakasi, na lile joto la kilevi likishuka kooni. Zambarau na moshi na ngozi alivitoa kwenye daftari aliloandika miaka ile pua yake ikiwa nzima, na daftari lile alikuwa amelikariri kama mtoto anayeogopa fimbo.

Kila asubuhi alifungua kopo la kahawa, akaingiza pua, akavuta. Hakuna. Kisha alivaa aproni na kwenda kuwaambia watu mvinyo unanukia nini. Aliona aibu, na aibu hiyo hakumwambia mtu, hata shangazi yake aliyekuwa akiishi naye. Mshauri wa mvinyo asiyenusa, jamani, angeanzia wapi kusema?

Ripoti ya mbavu ilikuja kesho yake.

"Mwalimu, ule ukakasi wako umeyeyuka wote," Kisu alisema kwenye simu. "Dada yangu amekula mbavu sita. Anataka kukujua."

"Umemwambia mimi ni nani?"

"Nimemwambia ni mtu anayejua mvinyo na hajui nyama."

"Basi nifundishe nyama, mpenzi wangu," alisema, na wote wawili wakanyamaza kwa sababu lile neno lilikuwa limetoka kabla ya kupewa ruhusa.

Tangu hapo Kisu alipiga kila siku saa nane mchana, bucha ikiwa imepoa. Walitaniana, wakabishana kama maini yanastahili mvinyo mwekundu, wakaagana mara tano kabla ya kukata simu. Kata wewe. Hapana, kata wewe. Mnawajua watu wa namna hiyo.

Kisu naye alikuwa na lake. Kabla hajamjua Mwalimu alikuwa na mchumba, na mchumba yule mwaka mzima aliapa kwamba hasikii chochote, kwamba Kisu ananukia vizuri tu, mpaka siku alipofunga mizigo yake akasema hawezi kulala maisha yote na harufu ya bucha. Toka siku hiyo Kisu alisugua mikono kwa limau na jivu mpaka ngozi ikapasuka. Akioga alioga mara mbili. Kwenye miadi alikaa upande upepo unakokwenda, si unakotoka, na hakumkaribia mwanamke kabla hajajinusa mwenyewe kwa siri.

Jioni moja walikuwa wamepanga kukutana kwenye bustani ya manispaa, na mzigo wa nyama ukachelewa. Alifika moja kwa moja kutoka kazini, hajaoga, ameshikilia koti kifuani kama ngao, akakaa ncha ya benchi.

"Mbona umekaa huko? Umenikasirikia?"

"Sijapata nafasi ya kuoga. Ninanuka, Mwalimu. Kaa hapo hapo."

Mwalimu alisogea, akaweka kichwa begani kwake, pua karibu na shingo. "Uko sawa tu," alisema. "Tulia."

Kisu alitazama pembeni ili asionekane macho. Usiku ule hakutumia limau, wala kesho yake. Aliamini amepata mtu anayemvumilia hivyo alivyo. Mwalimu, aliyekuwa hajasikia lolote zaidi ya joto la bega, aliona jinsi alivyofurahi, akaelewa kwa nini, maana alishasimuliwa habari za yule mchumba, na akakosa ujasiri wa kumrudisha chini. Sasa alikuwa na uongo wa aina mbili, mmoja wa kazini na mmoja wa moyoni, na wa pili ndio uliomnyima usingizi.

Meneja wa duka, mtu wa miwani na mikono ya shati iliyokunjwa, ndiye aliyeleta wazo la Jumapili ya Kuonja. Aina tatu za mvinyo mwekundu, aina tatu za nyama, wageni thelathini walioalikwa. Dada wa Mvinyo angeeleza vinywaji, na mkata nyama wa ng'ambo angeeleza nyama. Wapenzi wetu walifurahi kama watoto. Walifanya mazoezi kwenye simu wiki nzima.

Jumapili saa tisa alasiri ukumbi wa juu ulijaa. Meza zilitandikwa vitambaa vyeupe, glasi zikapangwa tatu tatu. Mwalimu alivaa gauni jeusi la mikono mirefu na hereni za dhahabu za shangazi. Kisu alivaa shati jeupe na aproni mpya, viatu safari hii vya ngozi. Dada yake, mama mnene mchangamfu mwenye gauni la kijani, alimkumbatia Mwalimu mbele za watu akamwita wifi, na hakuona haja ya kuuliza kama ameruhusiwa.

Mvinyo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Watu walicheka, wakauliza maswali, Kisu akaeleza paja na ubavu kwa namna iliyowafanya wake za watu waandike. Ikaja zamu ya hondohondo. Mwalimu aling'oa kizibo, akakipeleka puani kama alivyofanya mara elfu. Akamimina kidogo, akatia pua kwenye glasi, akafumba macho, akaonja. Ulimi ulimwambia ukakasi upo, uchachu upo, joto lipo.

"Safi kabisa," alisema. "Zambarau, moshi, ngozi ya kiatu kipya."

Glasi zikatiwa kidogo kidogo. Nyuso zikaanza kukunjana. Mgeni mmoja aliirudisha glasi yake mezani polepole, mwingine akamnong'oneza mkewe. Dada yake Kisu aliguguna ubavu wake bila kuugusa mvinyo.

Kisu alinusa, akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huu umeharibika. Unanuka kitambaa cha deki kilicholala na maji."

Mwalimu aliitazama chupa. Lebo ilikuwa ile ile, daftari lilikuwa lile lile, na daftari halijui chupa ipi imeoza kizibo. Jambo la kufanya lilikuwa rahisi. Angesema samahani, tufungue nyingine. Lakini meneja alikuwa hatua mbili tu, watu thelathini wanamtazama, na kitu pekee alichokisikia kichwani ni kwamba siku yake imefika.

"Huo ni udongo wa mlimani," alisema. "Ndiyo asili yake."

"Nakuambia kwa nia njema. Usiwape watu."

"Kwa nia njema?" Sauti yake ilipanda, yeye asiyepandisha sauti. "Wewe utajua nini kuhusu harufu? Unashinda na mizoga kutwa, ukitoka humo unanuka mzoga. Pua yako ilikufa siku nyingi."

Ukumbi mzima ulisikia. Mwalimu alitaka kuyarudisha maneno mdomoni kwa mikono, lakini yalikuwa yameshafika.

Meneja alichukua glasi, akainusa, akaiweka. "Kizibo kimeharibu," alisema bila kumtazama mtu. "Tunaomba radhi. Leteni chupa nyingine."

Kisu alivua ile aproni mpya, akaikunja mara nne kwa utulivu mbaya, akaiweka kando ya sinia la mbavu. Aliinua mkono wake mpaka karibu na pua, akagundua anachotaka kufanya, akaushusha.

"Dada, twende," alisema.

Dada yake alipita mbele ya Mwalimu, akasimama. Hakumtukana. "Nilikuita wifi mapema mno," alisema, akamfuata ndugu yake.

Mwalimu alijifungia ghalani kati ya maboksi, akatamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Alikaa kwenye kreti huku hereni za shangazi zikimlemea, akisikia wageni wakishuka ngazi na kuongea kwa sauti zile za watu wanaojizuia mpaka wafike nje.

Alimpigia mara kumi na moja siku ile. Simu iliita ikakatika. Akaandika ujumbe wa samahani, akaufuta, akaandika mwingine, ukasomwa, haukujibiwa. Ng'ambo ya barabara Kisu alikuwa amerudia limau lake na jivu lake, na safari hii aliongeza chumvi. Wateja waliona vidole vyake vimepasuka wakadhani ni kisu.

Siku ya tatu shangazi alimkuta jikoni, sufuria ya maharage imeungua mpaka moshi umetanda darini, naye amekaa pembeni anasoma simu.

"Hii ni mara ya nne," shangazi alisema akizima jiko. Alikuwa mkunga mstaafu, mtu aliyeona mengi na asiyeshtuka ovyo. "Mwanangu, utaniambia lini kwamba husikii harufu?"

"Shangazi ulijua?"

"Mwaka huu umevaa blauzi iliyomwagikiwa mafuta ya taa ukaenda nayo kazini. Nilijua. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Ndipo alipolia, akasema yote, kuanzia mafua, daftari, benchi la bustani, hadi yale maneno ya ukumbini. Shangazi alisikiliza akikwangua sufuria.

"Kwa hiyo pua iliyokufa ni yako," alisema alipomaliza, "ukasema ni yake. Umemvika mwenzio aibu yako mbele za watu thelathini."

"Nifanye nini?"

"Ukamvue. Na usiende kumvua chumbani, kwa kuwa hukumvalisha chumbani."

Alianza kwa meneja. Alisimama mbele ya meza yake akasema neno kwa neno, bila kujitetea. Meneja alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Miezi yote hii umekuwa ukiwasomea watu daftari," alisema, na hakusema kwa ukali, jambo lililomchoma zaidi. Alimtoa kwenye rafu akampeleka ghalani kupokea mizigo. Aproni ya rangi ya damu ya mzee aliivua pale pale.

Ijumaa saa kumi, bucha ikiwa imejaa, aliingia akapanga foleni. Kisu alimwona, akaendelea kukata. Mbele yake walikuwa watu saba, na kila mmoja alipoondoka alisogea hatua moja mbele. Nyuma yake wakaja wengine. Zamu yake ikafika.

"Nikukatie nini?" Kisu aliuliza, kama anavyouliza mtu yeyote.

"Nataka kusema kitu, na nataka hawa wasikie." Aliitazama foleni, kisha akamtazama yeye. "Jumapili nilikutukana kwamba pua yako imekufa. Iliyokufa ni yangu. Sisikii harufu tangu mwaka jana. Ule mvinyo ulikuwa umeoza, wewe ulisema kweli, mimi nikaogopa kuumbuka. Nikachukua kitu ninachojua kinakuuma nikakupigia nacho. Nimekosa. Nimekuja kuomba radhi hapa kwa sababu kule nilikuvunjia heshima mbele za watu."

Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yake alisema, "Mwanangu, nipe mimi kwanza nyama yangu niondoke, maana naona nitalia bure." Mtu mmoja alicheka, akajutia.

Kisu alikuwa amesimamisha kisu hewani. Hakuwa anafikiri juu ya Jumapili. Alikuwa anapiga hesabu ya miezi.

"Tangu mwaka jana," alisema. "Kabla hujanijua."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ile siku ya benchi..."

"Sikusikia kitu."

Uso wake ulibadilika, na Mwalimu aliona kwamba tusi la ukumbini lilikuwa dogo.

"Unajua nilirudi nyumbani nikiimba siku ile?" Kisu alisema polepole. "Nilimwambia dada yangu nimepata mtu anayenivumilia. Kumbe hukuwa na cha kuvumilia. Nilikuwa nakaa na wewe nikijiona mtu, kumbe ungekaa hivyo hivyo na pipa la taka."

"Si hivyo."

"Nenda, Mwalimu. Watu wanasubiri."

Alikwenda. Barabara aliivuka bila kuiona, akarudi ghalani, akapokea maboksi arobaini ya sabuni. Hakuwa na hasira naye. Ndilo lililokuwa gumu zaidi, kwamba alikuwa amesema ukweli wote na ukweli wenyewe ukawa ndio uliomuumiza mtu.

Siku kumi na mbili zilipita. Saa nane mchana simu ilipokuwa kimya alijifanya ana kazi nyingi. Siku ya kumi na tatu, saa nane na dakika mbili, ikaita.

"Nina swali moja," sauti ya Kisu ilisema bila salamu. "Usinibembeleze. Ungekuwa unasikia harufu, ungeweka kichwa begani kwangu siku ile?"

Jibu zuri lilikuwa wazi. Neno moja tu, na mwanamume huyu angerudi leo hii. Lilikuwa mdomoni, limeiva, alilitaka kwa moyo wote. Aliegemea boksi akafumba macho.

"Sijui," alisema.

Alisikia kwenye simu mtu akiuliza kama maini yapo.

"Sijui, Kisu. Ninakupenda, hilo ninalijua. Sauti yako ninaijua, na jinsi unavyoudhika mtu akisema 'mbavu' tu. Lakini harufu yako sijawahi kuisikia, siwezi kuisemea. Nimeshasema vya kutosha kuhusu harufu nisizozisikia."

"Yule mchumba wangu wa kwanza aliniambia ndiyo," Kisu alisema. "Kila nilipomuuliza, ndiyo. Mwaka mzima."

"Najua."

"Ungesema ndiyo ningekata simu." Akavuta pumzi. "Na mimi nina langu la kuona haya. Nilipenda kutonuswa. Nilidhani nakupenda wewe, kumbe nusu ya furaha yangu ilikuwa ni kupumzika limau. Nimekaa siku hizi zote nikiitafuta nusu nyingine kama ipo."

"Ipo?"

"Nimekupigia, sijakupigia?"

Jumapili Kisu alikuja kwa shangazi na mbavu zimefungwa kwenye karatasi, amepitia bucha kuzichukua, akiwa na nguo za kazini. Alisimama mlangoni mpaka shangazi alipomvuta ndani kwa mkono. Waliziweka kwenye oveni, na zilipokaribia kuiva Mwalimu akatoa chupa ya hondohondo, akaifungua, akamimina, akamsukumia glasi kabla hajaigusa yeye.

"Anza wewe. Ni nzima?"

Alinusa. "Ni nzima."

"Unanukia nini?"

"Zambarau, si ndiyo? Na moshi, na..."

"Hayo ni ya daftari. Sema unachosikia wewe."

Kisu alirudisha pua kwenye glasi, akachukua muda wake. "Kabati la zamani likifunguliwa," alisema. "Mkanda mpya. Halafu chuma, kama kisu kikitoka kunolewa. Na tunda fulani jeusi ambalo silijui jina, aibu yangu."

Mwalimu alionja, akautembeza mdomoni. "Mimi nasikia unakaza hapa, kwenye mashavu. Uchachu uko juu kuliko mwaka uliopita. Utahitaji mbavu zenye mafuta mengi."

"Ndizo nilizoleta. Za karibu na tumbo."

Walikula kwa mikono. Ukakasi ukayeyuka kwenye mafuta, kama ilivyopasa, wakatikisa vichwa kwa pamoja. Shangazi aliwatazama, akasema ghafla amekumbuka nguo kwenye kamba, akatoka. Kamba ilikuwa tupu tangu asubuhi.

Mwalimu alifuta vidole. Alikuwa anaona haya kama msichana wa shule, lakini aliuliza. "Na wewe? Leo unanuka nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Kisu swali lile. Watu walikuwa wanajua, au wanajifanya hawajui. Uso ulimwiva. Alitaka kusema sabuni. Aliinua kola ya shati, akajinusa mbele yake, mchana kweupe.

"Nyama," alisema akitazama meza. "Mafuta ya ng'ombe. Ile baridi ya chumba cha barafu. Na jasho, maana nilitembea haraka."

"Asante kwa kuniambia."

"Ndiyo hivyo nilivyo."

"Nimesikia." Akakivuta kiti chake mpaka kikagusana na cha Kisu. "Nitakuwa nakuuliza kila siku, ukirudi nyumbani."

Kisu alilitafuna neno lile la mwisho muda mrefu kabla hajathubutu kuinua macho.

"Nyumbani kwa nani?" aliuliza.

"Kwetu," alisema Mwalimu.